Kwa Nini Mke Aliyepigwa Hurudi Kituoni Kuomba Kesi Ifutwe

Leo anafika Dawati la Jinsia na Watoto jicho limevimba. Siku chache baadaye anarudi, safari hii na shemeji yake, anaomba kesi ifutwe. Majirani husema, "Anampenda huyo, mwacheni." Mapenzi yanaweza kuwamo, ila mara nyingi mwanamke huyo amepiga hesabu.

Hesabu ya kwanza ni usiku. Nchini Tanzania, shambulio la kudhuru mwili lina dhamana, kwa hiyo mume aliyekamatwa asubuhi anaweza kurudi nyumbani jioni, na hasira zake na funguo za mlango. Kumwambia mke "jipe moyo" hakumsaidii kitu. Kinachomsaidia ni kupata pa kulala kabla hajaenda kituoni: kwa dada, kwa mama mkubwa, au kwa rafiki ambaye mume hamfahamu. Kama ametishiwa, vitisho vyote viandikwe kwenye maelezo yake, na amwombe mwendesha mashtaka aieleze mahakama dhamana inapozungumzwa.

Ya pili ni sufuria. Mume akifungwa, nani atalipa kodi ya nyumba? Hapo wazee hukumbusha mahari, shangazi naye huhimiza kuvumilia, kana kwamba ngumi ni sehemu ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataa: hata mila ikiruhusu, mwenzi hana haki ya kumchapa mwenzake. Wengi pia huamini kwamba wakiondoka watatoka mikono mitupu na kunyang'anywa watoto. Lakini mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa, na kwa mtoto wa chini ya miaka saba sheria huanza na dhana kwamba ni heri akae na mama, labda ithibitishwe vinginevyo.

Kuna jambo ambalo anapaswa kuelezwa mapema: kesi ya jinai ni ya Jamhuri, yeye ni shahidi. Kwa makosa madogo mahakama inaweza kuhimiza suluhu. Kwa makubwa, kusamehe kwake hakutoshi kuifuta.

Asiyetaka kushitaki leo bado ana la kufanya. Achukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, atibiwe na fomu ijazwe; akiwa na hali mbaya aanze na hospitali. Apige picha za majeraha, aandike tarehe, nakala zikae nje ya nyumba yake. Asiye na fedha za wakili aulizie msaada wa kisheria wa bure, unaosimamiwa na sheria ya 2017.

Jirani aliyesikia mayowe naye akubali kuandikisha maelezo. Kesi inayotegemea mdomo wa mke peke yake huwa rahisi kuzimwa: wakwe wanajua ni mtu mmoja tu wa kumbembeleza.