Haibridi ikigoma kuchanganya, anza na vumbi

Ukisema haibridi yako haichanganyi, jibu utakalopewa ni moja: betri kubwa imekufa, jiandae kutoa mamilioni. Usitoe hata senti kabla hujajua kama gari linagoma likiwa la baridi au mpaka lipate moto.

Langu lilianza kunisumbua karibu na Tura, katika njia ya Itigi kwenda Tabora. Hapa ndipo misafara ya zamani, ya Burton na Speke mwaka 1857 ikiwamo, ilipopumua baada ya pori la Mgunda Mkali. Mimi ndipo taabu iliponianzia. Nilikuwa nimetoka vijijini kufuata asali, jua la Oktoba, vumbi tupu. Kufika kwenye lami nataka kulipita lori, nakanyaga mafuta, injini inanguruma, mwendo uleule.

Mngurumo wenyewe si ugonjwa. Prius na Aqua hazipandishi gia kama gari la kawaida, kwa hiyo injini hulia mfululizo ukikanyaga sana. Ugonjwa ni mngurumo kuwapo na msukumo wa mota usiwepo.

Nililala Tura. Alfajiri, kukiwa na ubaridi, gari likaondoka kwa nguvu zake zote. Betri iliyochoka kweli haisubiri joto: geji yake hupanda na kushuka ovyo hata asubuhi. Prius ya toleo la pili ina moduli 28 za volti 7.2, jumla volti 201.6, na kompyuta huzisoma mbilimbili. Jozi moja ikianguka mbali na wenzake unapokanyaga, hapo betri inaumwa. Zangu zilikwenda sawa. Nilizisomea kwenye simu, kwa kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani. Nunua, ni rahisi kuliko ubishi wa gereji.

Jua lilipopanda, joto la betri likapita nyuzi 50. Betri ikipata moto hivyo, kompyuta huibania umeme ili isiungue, na gari hubaki na injini ndogo peke yake.

Sasa tazama ubavuni mwa kiti cha nyuma. Kuna kidirisha chenye matundu, ambacho feni hutumia kuvuta hewa ya ndani ya gari na kuipoza betri. Changu kilikuwa kimezibwa na ndoo za asali na blanketi. Nilipokibandua, nyuma yake vumbi lilikuwa limeshikamana na manyoya ya blanketi, linabanduka kama ukoko wa ugali. Nikakung'uta, nikafuta, nikafunga vioo na kuwasha kiyoyozi. Mchana ule joto halikufika tena kwenye 50, na malori nikayapita.

Ikiwa betri ina ubaridi wake na nguvu bado hakuna, funua boneti gari likiwa limewashwa, uangalie tangi la maji ya inveta, kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota. Si lile la rejeta. Maji yanatakiwa yachezecheze. Yakitulia tuli, pampu haifanyi kazi, usiendelee na safari. Ea kilina itazame pia, ni dakika mbili tu.

Na kama umesafisha kidirisha lakini joto bado linapanda, feni yenyewe imejaa. Kuifikia lazima kiti king'oke, na pale kuna nyaya za rangi ya chungwa zenye umeme wa kuua. Hiyo mpe fundi wa haibridi mwenye glavu za umeme, si jirani mwenye bisibisi.