Juu ya nini dawa inateleza kwenye majani ya shu?



Somo la mara hii limetoka kwa mama mmoja mwenye bustani ya shu na vitunguu pembeni ya Panda, hapa Likasi. Siku ya mkutano alisimama akasema: «Napuliza dawa, lakini haishikaka pa majani. Inajikunja matone-matone, inaangukaka chini. Falanga yangu inaenda mu udongo, na wadudu wanabakia.» Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Kila mmoja alikuwa ameona vile kwake.

Mama huyu alisema kweli. Dawa yake haikuwa mbaya. Shida iko pale maji yanapokutana na jani. Tukielewa pale, tutaokoa dawa na falanga.

Tuangalie kwanza kwa macho

Leteni sahani ya maji safi, sindano, kipande kidogo cha karatasi laini, sabuni, jani la shu na jani la maharage.

1. Weka karatasi juu ya maji, na sindano kavu juu ya karatasi. Ngoja. Karatasi italowa na kuzama. Kama haizami, isukume chini polepole. Sindano itabaki juu, ingawa ni chuma. Angalia vizuri: maji chini yake yamebonyea kama kitambaa kilichobeba mzigo.
2. Gusa maji pembeni kwa kidole chenye sabuni. Sindano inazama mara moja.
3. Dondosha tone moja la maji kwenye kila jani. Kwenye shu tone linasimama duara kama ushanga, ukiinamisha jani linakimbia. Kwenye maharage linalala na kutandaa zaidi.

Ngozi ya maji

Maji yameundwa na chembe ndogo sana zinazovutana. Chembe iliyo katikati inavutwa na wenzake pande zote. Iliyo juu kabisa haina mwenzake upande wa juu, kwa hiyo inavutwa kuelekea ndani. Ndiyo sababu uso wa maji unajikaza kama ngozi ya ngoma, na tone linapenda kuwa duara.

Jani la shu limepakwa nta na Mungu mwenyewe, ule unga mweupe-mweupe unaofutika kwa kidole. Kitunguu pia kina nta, hata mahindi machanga. Maji hayapendi nta. Chembe zake zinashikana zenyewe kuliko kushika jani, na chini ya tone kunabaki hewa kidogo. Basi tone linateleza, na dawa inateleza pamoja nalo.

Sabuni inafanya nini? Kila chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Zinajipanga usoni mwa maji, vichwa chini, mikia juu, na ile ngozi inalegea. Sabuni nzuri inapunguza mkazo wa uso wa maji hadi chini ya nusu. Mkia unashika nta, kichwa kinashika maji, na tone linatandaa.

Panda walilijua jambo hili zamani

Wazee wengi wa hapa walifanya kazi ya madini. Union Minière ilijenga kiwanda cha kusafisha madini pale Panda katika miaka ya 1920, na baadaye kazi ile ikaja mikononi mwa Gécamines. Lakini si wote waliosimuliwa namna shaba inavyotengwa na udongo kwa povu.

Jiwe linasagwa mpaka linakuwa unga, linachanganywa na maji, kisha inatiwa dawa ambayo chembe zake zinashika madini. Hewa inapulizwa chini. Unga wa madini, uliovikwa mikia inayokataa maji, unakimbilia mapovu na kupanda nayo juu. Udongo unaopenda maji unabaki chini. Povu linakusanywa, na shaba iko ndani.

Na dawa ile ilikuwa nini? Katika viwanda vya Katanga, hasa upande wa Kolwezi, malakiti, lile jiwe la kijani, lilielezwa kwa mafuta ya mawese yaliyopasuliwa kwanza, yakichanganywa na mazuti. Ndiyo, mawese, yale tunayopikia sombe! Asidi za mawese ndizo zile zile zinazotengeneza sabuni. Zinashika shaba kwa nguvu.

Lakini zinashika chokaa pia. Kwa hiyo mawe yenye dolomiti nyingi yaliwapa shida, maana dolomiti nayo ilipanda na povu, na ikabidi kutumia dawa nyingine. Shikeni maneno haya mawili, shaba na chokaa. Tutayarudia shambani.

Hata jikoni mtu anajifunza

Msidhani elimu hii ni ya mainjinia tu. Huko Ujerumani, Agnes Pockels, aliyezaliwa mwaka 1862, hakuweza kusoma chuo kikuu kwa sababu alikuwa mwanamke. Alikaa nyumbani akitunza wazazi wagonjwa. Akapima nguvu ya uso wa maji kwa chombo alichotengeneza mwenyewe kwa bati, akaona jinsi mafuta kidogo tu yanavyoibadilisha. Januari 1891 alimwandikia mwanasayansi Lord Rayleigh wa Uingereza, na Machi mwaka ule ule barua yake ikatoka katika gazeti la Nature. Mpaka leo wataalamu wanatumia chombo cha namna ile. Mwenye sahani na macho anaweza kuanza.

Namna ya kufanya shambani

1. Soma karatasi ya dawa, au muulize agronomu. Dawa nyingine zimekwisha kutiwa kitu cha kutandaza. Hizo usiongeze sabuni.
2. Kwa pompi ya litri 15, anza na vijiko viwili vya supu vya sabuni ya maji isiyo kali. Kama una sabuni ya kipande, kwangua vijiko viwili, yeyusha katika maji ya moto kidogo, kisha chuja ili pompi isizibe.
3. Jaza maji karibu yote, tia dawa, koroga. Sabuni itie mwisho, koroga polepole lisitoke povu jingi.
4. Dondosha tone kwenye jani la shu. Likitandaa, inatosha. Likisimama duara, ongeza nusu kijiko, jaribu tena.
5. Puliza mistari miwili tu, ngoja siku mbili. Majani yasipoungua, endelea na shamba lote.
6. Puliza jioni, matone yawe madogo, na chini ya majani pia. Jani likianza kuchuruzika, acha: kinachodondoka ni hasara.

Angalieni sana

*Sabuni ya unga ya kufulia usitumie.* Mara nyingi ina soda kali inayounguza majani. Sabuni nyingi kupita kiasi inaondoa nta, na nta ndiyo nguo ya jani.

*Maji ya chokaa.* Kama sabuni haitoi povu na inafanya utando mweupe, chokaa imeikamata, kama ile dolomiti ya kiwandani. Tumia maji ya mvua.

*Dawa ya shaba.* Ile ya buluu ya kuzuia ugonjwa wa majani usiichanganye na sabuni. Sabuni inashika shaba kama mawese yanavyoshika malakiti: inagandamana, pompi inaziba, na vyote viwili vinapotea.

*Ngozi yako.* Maji yanayotandaa kwenye jani yanatandaa pia kwenye nguo na mwili. Vaa mikono mirefu, buti na kinga ya mikono, usipulize kinyume cha upepo, oga ukimaliza. Hesabu siku zilizoandikwa kwenye dawa kabla ya kuvuna. Shu ile ile tutaila na bukari nyumbani, na watoto wetu pia.

Kazi ya kikundi

- Jaribuni maji ya kila kisima kwa sabuni ile ile. Kipi kinatoa povu, kipi hakitoi? Andikeni.
- Kusanyeni majani matano ya mashamba yenu. Tone linasimama wapi, linalala wapi?
- Mwenye kupuliza juma hili ahesabu pompi ngapi zimemaliza mistari kumi ya shu bila sabuni, na ngapi kwa sabuni. Alete hesabu katika mkutano.

Yule mama alijaribu tone lake mbele yetu, akaona limelala kwenye jani. Akasema tu: «Kumbe ni kijiko!» Ni kijiko kweli, lakini kijiko cha kupima, si cha kukisia.