NYANYA PENYE BARIDI: NI SAKITU AU NI BLAITI?

Katika skimu za Kinangop na Ol Kalou, mkulima akiamka na kuona nyanya zake zimekuwa nyeusi, husema, "Zimechomwa na baridi." Neno hilo moja hutumiwa kwa mambo mawili yasiyo na undugu. La kwanza ni sakitu, yaani umande ulioganda usiku. La pili ni ugonjwa wa blaiti. Asiyejua kuyatofautisha hupata hasara. Mmoja hununua dawa na kuinyunyiza juu ya sakitu, ambayo haina dawa. Mwingine hukaa akingoja baridi ipite, na kumbe ugonjwa unatoka katika miche kumi ya nyanya nyuma ya jiko na kuingia katika shamba lake la viazi, ambalo ndilo linalolipa karo.

Blaiti ya nyanya na blaiti ya viazi ni ugonjwa mmoja. Ndio ulioharibu viazi vya Ayalandi kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa kuu, na hapa Kenya ulionekana mwaka 1941. Kwa hiyo bustani ya nyanya, hata ikiwa ndogo namna gani, ni jirani wa viazi vyako, na jirani huyo yafaa aangaliwe.

Siku utakapoona majani meusi, usianze kwa kutazama nyanya. Tazama maharagwe na maboga yaliyo karibu. Sakitu haichagui: huua maharagwe, maboga na nyanya kwa usiku mmoja, na hasa mahali pa bondeni ambapo hewa baridi hutulia kama maji. Blaiti haigusi maharagwe wala maboga. Kama hayo ni mabichi kabisa, na nyanya na viazi tu ndivyo vilivyoharibika, basi huo ni ugonjwa.

Kisha geuza jani la nyanya asubuhi mapema, kabla umande haujakauka. Jani la blaiti lina madoa ya rangi ya majivu na kijani kibichi, kama yaliyolowa maji, na chini yake, pembeni mwa doa, utaona uvungu mweupe kama unga. Madoa hayo huongezeka siku hata siku. Shina hupata michirizi ya rangi ya kahawia, na tunda hupata baka gumu la kahawia. Jani lililochomwa na sakitu halina unga huo. Hulegea asubuhi ile ile na kukauka jua linapopanda.

Hata majira yao si mamoja. Sakitu huja usiku mkavu, usio na mawingu wala upepo, na kwetu huku juu huja zaidi kati ya Desemba na Februari. Blaiti hupenda siku za mawingu na manyunyu, majani yanapokaa yamelowa usiku kucha. Mwenye nyanya anabanwa katikati: miezi ya mvua ina ugonjwa, na miezi mikavu ina sakitu. Tena usiku ukiwa chini ya nyuzi 10 za Sentigredi mara kwa mara, maua mengi huanguka bila kufunga tunda. Nafasi tuliyo nayo ni nyembamba, nasi tuitumie vizuri.

Mbegu zipandwe mwisho wa Julai, si shambani bali katika kasha au debe lililotobolewa chini, na kasha hilo lilale jikoni penye joto. Mara miche inapotokeza ipelekwe nje kwenye mwanga kila mchana, maana mche wa gizani huwa mrefu na dhaifu. Ukiona majani yake yamekuwa ya zambarau upande wa chini, ujue udongo ni baridi mno. Mara nyingi hali hiyo huisha joto likiongezeka. Baada ya majuma sita au manane, yaani katikati ya Septemba, miche ihamishwe. Chagua aina fupi inayozaa mapema, kama Cal J. Money Maker ni nzuri, lakini ni ndefu na hutaka muda, na muda ndio tunaokosa.

Mahali pazuri kuliko pote ni ukutani mwa nyumba, upande wa mashariki, chini ya upenu. Jua la asubuhi hukausha umande mapema, ukuta hutunza joto kidogo la usiku, na mabati huzuia mvua isianguke juu ya majani. Kwa vile mvua haifiki, itakubidi kumwagilia, nawe umwagilie udongo tu, tena asubuhi. Usipande palipokuwa na viazi, na ung'oe kila kiazi kilichojiotea karibu, kwa sababu ugonjwa hujificha humo.

Nafasi kati ya mche na mche iwe futi 2. Kila mmoja upewe kijiti na kufungwa kwa kamba laini, na majani yanayogusa udongo yakatwe ili hewa ipite. Samadi iwe iliyooza vizuri. Ile mpya huleta majani mengi na matunda machache.

Dawa ya shaba ni kinga, haiponyi. Inyunyizwe siku za manyunyu zinapoanza, kabla ya doa la kwanza, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na siku za kungoja kabla ya kuchuma zifuatwe. Mche uliokwisha kushikwa sana ung'olewe na kuzikwa chini sana, wala usitupwe kwenye lundo la mboji. Kwa sakitu, dawa ni gunia. Jioni ya mbingu safi mwagilia udongo mapema, kisha funika miche kwa magunia juu ya vijiti, na asubuhi uyaondoe.

Katika Desemba usingoje nyanya ziwe nyekundu mtini. Chuma kila moja inapoanza kugeuka rangi. Kama unaogopa sakitu, hata za kijani huweza kuchumwa, ila ziwe zimekomaa. Kata moja kwa kisu kikali: ikiwa mbegu zinateleza na kukwepa kisu, na ndani mna ute, wenzake wa ukubwa ule wataiva. Kisu kikizikata mbegu, bado.

Zilizokomaa zipangwe ndani ya sanduku lenye karatasi, moja moja zisigusane, pamoja na ndizi mbivu, kwa maana hewa itokayo katika ndizi huziivisha. Jua halihitajiki; joto la nyumba latosha. Lakini zisikae penye baridi kama ghalani, maana chini ya nyuzi 10 haziivi vizuri na hukosa ladha. Kila siku mbili zikaguliwe, na yenye baka la kahawia itolewe mara moja. Zile changa zisizokomaa hazitaiva kamwe. Mama azikaange na vitunguu zikiwa za kijani.