Naomi Uemura Juu ya Barafu Inayotembea
Ncha ya Kaskazini haiko juu ya ardhi bali katikati ya bahari iliyoganda. Barafu yake husukumwa na upepo na mikondo ya maji, hata msafiri aweza kwenda kaskazini mchana kutwa, kumbe alalapo anarudishwa kusini. Madai ya Wamarekani Cook na Peary, ya mwaka 1908 na 1909, yangali yakibishaniwa.

Naomi Uemura, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1941, aliazimia kwenda huko peke yake. Alikwisha kupanda Kilimanjaro mwaka 1966 na Everest mwaka 1970. Kisha akaishi na Wainuiti wa Siorapaluk, Greenland, wakamfundisha kuendesha mbwa wavutao sleji.

Machi 1978 aliondoka kisiwani Ellesmere. Baada ya siku chache dubu alivamia hema lake. Uemura akajilaza kimya ndani ya mfuko wa kulalia mpaka mnyama akaondoka.

Alichukua redio ndogo iliyopeleka mawimbi kwa setilaiti Nimbus 6. Setilaiti inapokaribia, mawimbi hupokelewa mengi zaidi kwa sekunde. Inapokwenda mbali hupungua, kama mlio wa honi ya basi lipitalo. Kwa tofauti hiyo mahali alipo palikokotolewa. Basi alipofika Nchani, mtu wa kwanza kufika peke yake, ushahidi haukuwa neno lake tu.

Februari 1984 alifika kilele cha Denali, Alaska, siku alipotimiza miaka 43. Kesho yake alizungumza kwa redio na ndege. Mwili wake haujapatikana.