Nyumba Nzima Shela: Mwongozo kwa Mgeni wa Lamu

Ndege ya kwenda Lamu haitui Lamu. Hutua Manda, kisiwa cha ng'ambo, na abiria hutembea hatua chache hadi gatini kisha huvushwa kwa boti. Mgeni asiye na mwenyeji huanza kupatana nauli papo hapo, jua likimchoma utosini. Aliyekodi nyumba nzima katika kijiji cha Shela kwa kawaida hukuta kijana wa nyumba amekwisha kufika: mizigo inapokewa, boti inang'oa nanga, na baada ya muda mfupi mgeni yuko barazani anapewa maji ya ukwaju. Ila apime begi lake kabla ya kutoka Nairobi, kwa maana ndege ndogo za uwanja wa Wilson aghalabu huruhusu kilo 15 tu. Wageni kutoka nje ya Kenya wakumbuke pia kwamba tangu Januari 2024 viza imepisha kibali cha mtandaoni kiitwacho eTA. Watanzania na Waganda hawakihitaji.

Ipo njia ya nchi kavu. Basi la kutoka Mombasa hupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na kutoka hapo ni boti. Ni safari ya kutwa, na hali ya usalama ya barabara hiyo iulizwe kwanza.

Shela ni kijiji kilicho kama kilomita tatu kutoka mji wa Lamu, mwendo wa dakika arobaini hivi kwa miguu kando ya bahari. Vichochoro vyake havipitishi gari. Mchanga, saruji na mizigo hubebwa na punda. Kwa miongo kadhaa sasa, watu wa Ulaya na matajiri wa Nairobi wamekuwa wakinunua nyumba hapa, wengine wakijenga mpya kwa mtindo wa zamani: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mkoko na paa la makuti juu kabisa. Wenyewe wasipokuwepo, nyumba hukodishwa. Bei hutajwa kwa nyumba kwa usiku, si kwa kichwa. Kwa wawili waliooana juzi, huo ni ufujaji, na chumba cha hoteli kinawatosha. Kwa ukoo wa watu wanane, pamoja na bibi na wajukuu, hesabu hugeuka: kila mmoja huweza kulala kwa bei ya chumba cha kawaida, akapata na mpishi juu yake.

Picha za matangazo huonyesha zidaka za ukutani na vitanda vya Kiamu. Hazionyeshi milango ya vyumba, kwa sababu mara nyingi haipo. Nyumba ya kale ya Lamu ilipangwa kwa safu: chumba kirefu na chembamba, nyuma yake kingine, pazia katikati. Wembamba huo una sababu. Dari ilikaa juu ya boriti za mkoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Nyumba nyingi za kukodi zimefuata mpango huo, na chumba cha kulala huweza kuwa wazi upande wa ua au baharini ili upepo upite. Kwa joto la Februari ni neema. Kwa mkwe anayelala chumba cha pili, ni mtihani. Kwa hiyo msafiri aulize kabla ya kulipa: vyumba vingapi vina mlango unaofungwa? Ngazi zina reli? Ukingo wa paa unafika kiunoni? Ngazi za Shela ni kali, na anayesafiri na mtoto wa miaka miwili asione haya kuomba apigiwe picha za ngazi hizo.

Maji ni suala kuu zaidi, nalo ni la tangu jadi. Kwa mapokeo ya wenyeji, wazee wa Shela walihamia hapa kutoka Takwa, mji wa Manda uliohamwa katika karne ya 17, inasemekana kwa sababu visima vyake viliingia chumvi. Hadi leo watu wa Shela huvuka kwenda kwenye kaburi la nguzo la Takwa kuomba mvua. Maji matamu ya kisiwa cha Lamu yamehifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vilivyo nyuma ya kijiji, ndiyo maana kujenga juu ya vilima hivyo kumezua ugomvi wa miaka mingi. Mgeni asishangae basi maji ya bafuni yakiwa na ladha ya chumvi, wala asiyanywe. Ya kunywa hununuliwa. Aulize kama yamo katika bei. Bwawa la kuogelea katika kijiji cha namna hii ni anasa inayostahili kufikiriwa mara mbili, hasa bahari ikiwa mlangoni.

Umeme hukatika. Betri, sola au jenereta viulizwe, na panapotajwa jenereta, iulizwe pia nani analipa mafuta.

Lakini mwenye busara hachagui nyumba kwa kuta wala bwawa. Huchagua kwa watu wake. Nyumba ya Shela hukodishwa pamoja na mpishi, mtu wa usafi na mlinzi, na mpishi ndiye atakayeamua kama likizo ilikuwa nzuri. Jioni ya kwanza huja na daftari, la shule hasa, lenye safu mbili: vitu na shilingi. Nazi nne, ndimu, nyanya, kolekole kilo mbili. Alfajiri huenda soko la Lamu, pembeni mwa Ngome; siku nyingine mvuvi mwenyewe hubisha hodi mlango wa jikoni na kaa waliofungwa kamba, na mpishi humwita mgeni aje awaone wangali hai kabla bei haijakatwa. Pesa za sokoni mara nyingi hutoka mfukoni mwa mgeni, taslimu au kwa M-Pesa.

Hapa ndipo wageni huharibu mambo kwa kuona haya. Kimya hukifanya kila chakula kuwa karamu, na siku ya mwisho daftari huleta mnuno. Ni bora kutaja mapema bajeti ya siku, nani hali pilipili na nani anadhurika na kamba, na kuuliza kama wafanyakazi wanakula chungu kimoja na wageni. Anayejua Kiswahili ana bahati: akisema “leo tupikie mlavyo nyumbani”, huenda akaletewa wali wa nazi, samaki wa kupaka na mkate wa mofa badala ya chipsi walizozoea kuwakaangia wageni. Katika Ramadhani mpishi huenda asionje chumvi mchana. Mgeni mwema hupunguza chakula cha mchana na kusubiri futari. Bahshishi hutolewa mwisho, na iulizwe inavyogawanywa, ili mlinzi wa usiku asisahaulike.

Faragha iko, lakini ya kijijini. Mapaa yanatazamana. Msikiti wa Ijumaa, uliojengwa mwaka 1829, huadhini alfajiri, na punda hawana saa. Nguo za kuogelea mwisho wake ni ufuoni. Kichochoroni mtu hujisitiri kwa kikoi au leso. Pombe asitarajie kuiona katika duka la mtaani.

Ufuo wenyewe unaendelea kwa kilomita 12 hivi na karibu wote ni mtupu, na mgeni asitegemee kukuta waokoaji. Karibu na mkondo wa Manda maji huvuta kwa nguvu, na wakati wa kusi mawimbi ni makubwa. Safari ya Takwa nayo hufuata bahari: boti hupenya mkokoni maji yakijaa tu, hivyo nahodha ndiye anayepanga saa.

Kuhusu malipo, matangazo ya udanganyifu yapo. Msafiri aombe leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, azungumze na msimamizi aliyeko Shela kwa simu ya video, na atume arubuni tu.

Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, ni kipindi cha joto na ukavu. Nyumba za Krismasi na Mwaka Mpya hugombaniwa, kwa hiyo ziulizwe miezi kadhaa mapema. Aprili hadi Juni mvua ya masika hunyesha, bei hushuka, na baadhi ya nyumba hufungwa ili makuti yabadilishwe. Anayekwenda wakati huo aulize kwanza kama mpishi hajaenda likizo.