Amri za Mungu na Upendo wa Nyumbani

Watoto wetu wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza wazijua Amri Kumi kwa moyo, nao huzitamka tangu ya kwanza hata ya kumi. Jambo hilo ni jema, wala hatupendi lipunguzwe. Lakini ukimwuliza mtoto kwa nini azishike, mara nyingi atajibu, "Nisiende motoni." Jibu hilo hakulitunga yeye, amelisikia nyumbani.

Tufunue Kitabu cha Kutoka, sura ya 20. Kabla ya kuamuru neno lolote, Mungu ajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa watu wake katika utumwa wa Misri. Waisraeli hawakupewa Amri wangali Misri, ili wakizishika ndipo waokolewe. Walikuwa wamekwisha kuvuka bahari, wamekwisha kula mana jangwani, ndipo wakafika mlimani Sinai. Wokovu ulitangulia, Amri zikafuata, kama mwenendo uwapasao watu waliokwisha kupendwa. Naye Bwana wetu, katika karamu ya mwisho, aliunganisha kumpenda na kuzishika amri zake, na usiku uleule akawaita mitume wake rafiki.

Wako wasemao kwamba, kama ndivyo, upendo watosha, na Amri zilikuwa za Wayahudi wa kale. Hatukubaliani nao. Mume ajidaiye kumpenda mkewe, naye hulala kwingine, nani amwamini?

Hatari nyingine ni ya wachaji, nayo yatugusa zaidi sisi tusomao gazeti la kanisa. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu awakemea Mafarisayo kwa ajili ya korbani. Mtu aliweza kusema kwamba mali ambayo ingewafaa wazazi wake ameiweka wakfu kwa Mungu. Wazee wakabaki mikono mitupu, naye akahesabiwa mcha Mungu.

Korbani haijatoweka kwetu. Yuko baba wa familia ambaye zaka yake haichelewi, na jina lake husomwa katika kila mchango wa ujenzi wa kanisa. Mama yake huko kijijini alala chini ya bati linalovuja, na akipiga simu haipokelewi, maana "ataomba fedha tu". Watoto wa nyumba ile wayasikia maneno hayo, kisha Jumamosi waenda kwa katekista kukariri Amri ya nne! Twashangaa kwamba hawacheki.

Hatumwambii mtu huyo apunguze zaka yake. Twamkumbusha tu kwamba mara baada ya Amri tatu zimhusuzo Mungu mwenyewe, ya kwanza kutajwa katika zile saba za jirani ni hiyo ya wazazi. Tena Bwana wetu alifundisha kwamba aliyekosana na ndugu yake aiache sadaka mbele ya altare, akapatane naye kwanza. Basi Dominika hii, kabla hajaitia bahasha yake kapuni, na ampigie mama yake simu, watoto wakiwapo, amwulize lile bati lataka mabati mangapi.