Kabla ya Kununua Kuku, Jenga Ua Wao

Ni desturi ya watu wengi waanzao kufuga kuku kununua kuku kwanza, na kufikiri habari za banda baadaye. Kuku huletwa nyumbani jioni, miguu imefungwa kwa kamba, na usiku ule hulazwa jikoni pembeni mwa kuni. Asubuhi hufunguliwa wajitafutie chakula. Haipiti miezi mitatu, mmoja amechukuliwa na mwewe, wawili wameibwa, na waliobaki wamekufa kwa ugonjwa. Naye mwenyewe husema ya kuwa hana bahati ya kuku. Jambo hili si bahati. Fedha zile, ambazo pengine zilikuwa akiba ya mama wa nyumba kwa karo ya mtoto, zilipotea kwa sababu kuku walitangulia na ua ukafuata.

Twataka kumweleza msomaji ambaye hajapata kufuga kuku jinsi ya kutengeneza banda na ua kwa tembe kumi, nyuma ya nyumba, katika kiwanja cha kawaida kama vile vilivyo katika viunga vya Nairobi, Nakuru au Kisumu. Kumi watosha kwa mwanzo. Wala hapana haja ya kununua jogoo ikiwa vifaranga havitakiwi, kwa maana tembe hutaga mayai bila ya jogoo, na majirani watapata usingizi wao. Kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza, yafaa mtu aulize katika ofisi ya kaunti yake sheria za kufuga kuku mjini, na ikiwa amepanga, amwulize mwenye kiwanja pia.

Mahali pa banda pawe palipoinuka, ili maji ya mvua yapite wala yasituame. Banda liwe na urefu wa futi 8 na upana wa futi 5, na pande zake ndefu zielekee kaskazini na kusini. Hivyo jua la asubuhi na la alasiri litapiga ncha fupi za banda tu, wala halitawachoma kuku kwa kupitia madirishani. Mti wa kivuli ni mali, lakini matawi yake yasiguse paa, maana ndiyo ngazi ya kanu na ya nyoka.

Ukuta ujengwe kwa matofali, mbao au mabati kiasi cha futi 3 kutoka chini, na sehemu ya juu iwe wavu wa waya. Watu wengi huziba banda lote wakidhani kuku wataona baridi. Kuku amevaa manyoya, na baridi ya Limuru haimwui maadamu ni mkavu na hapigwi na upepo. Bali hewa iliyofungiwa, yenye ukali utokao katika mavi yake, humchoma macho na kifua. Atakaye kujua kama banda lake lina hewa ya kutosha, na aingie alfajiri kabla ya kufungua mlango, achutame mpaka kichwa chake kiwe sawa na cha kuku. Ikiwa macho yake yawasha, ya kuku yamewasha usiku kucha.

Ndani ya banda ziwekwe fito za kulalia, za unene wa kushikika na zilizolainishwa kingo, kila kuku akipata nafasi ya sentimeta 20. Fito ziwe juu kuliko viota, kwa kuwa kuku hupenda kulala mahali palipo juu, na wakilala viotani mayai yatachafuka. Viota vitatu vya futi moja kila upande, vyenye giza kidogo na majani makavu, vyatosha.

Sasa tuseme habari za ua, ambao ndio watu wauonao kuwa kazi rahisi, na ndio uwapotezao kuku wengi. Ua wa meta 4 kwa meta 5 wafaa kwa kuku kumi. Wavu ule mwembamba wenye matundu makubwa, unaouzwa kwa jina la wavu wa kuku, kazi yake ni kumzuia kuku asitoke tu. Haumzuii nyoka wala panya, na nguchiro hupenya palipolegea. Mbwa mwenye njaa huurarua kwa meno. Kwa hiyo sehemu ya chini, kiasi cha futi 2, izungushiwe wavu wa waya mgumu wenye matundu ya nusu inchi, na wavu huo ufukiwe ardhini futi moja. Ikiwa ardhi ni mawe na haichimbiki, ukunjwe kuelekea nje, ulazwe chini na kufunikwa kwa mawe. Mnyama achimbaye huanza pale pale wavu ukutanapo na ardhi, naye akikuta waya chini ya kucha zake hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili. Juu ya ua pawekwe wavu pia, kwa ajili ya mwewe, na huko Mombasa kwa ajili ya kunguru, ambao ni wezi wakubwa wa vifaranga. Mlango wa banda utiwe kufuli, kwa kuwa mwizi wa miguu miwili hazuiwi na waya.

Yuko adui mmoja ambaye wafugaji wapya hawamfikirii, naye ni siafu. Siafu huja usiku, hasa majira ya mvua, na kuku aliyefungiwa bandani hana pa kukimbilia. Huingia puani na kooni, na kuku anayeatamia hufa juu ya mayai yake. Majani yote yanayolizunguka banda yafyekwe, na jivu kavu litandazwe kwa wingi kandokando ya ukuta, na kutandazwa tena kila baada ya mvua. Ikiwa banda limeinuliwa juu ya miguu ya mti, kila mguu usimamishwe katika mkebe wenye oili chafu ya motokaa. Ufunguo wa kufuli uwe mahali panapojulikana na watu wote wa nyumbani. Kuku wakilia usiku, mtu asikae kitandani akisikiliza. Achukue taa, afungue mlango, awaache kuku watoke mbio. Habari ya kupigana na siafu itangoja mchana.

Ama usafi, sakafu ifunikwe kwa maranda ya mbao au makapi ya mpunga, unene wa sentimeta 5 hadi 10, yapinduliwe kwa reki mara kwa mara, na palipolowa paondolewe siku ile ile. Chini ya fito liwekwe bati, kwa sababu mavi mengi huanguka hapo usiku. Likikwanguliwa kila asubuhi kazi ni ya dakika tano, nayo mbolea yake, ikisha kuoza vizuri, ni nzuri kwa sukuma wiki. Nyufa za ukuta na za mbao zizibwe, maana ndimo papasi na utitiri wajifichamo mchana wakingoja damu ya usiku. Kuku wapewe pia kisanduku cha mchanga mkavu uliochanganywa na jivu, wapate kuoga.

Ua wenyewe ugawanywe sehemu mbili kwa wavu. Kuku watumie moja kwa muda wa wiki kadhaa huku nyingine ikipumzika juani na majani yakiota. Sababu yake ni hii. Mayai ya minyoo, na vijidudu vya ule ugonjwa wa kuhara damu uitwao koksidiosisi, hutoka pamoja na mavi, na penye joto na unyevu huwa tayari kumwambukiza kuku mwingine, na vijidudu vya koksidiosisi huweza kuwa tayari baada ya siku moja au mbili tu. Jua na ukavu huvipunguza. Hivyo basi matope yaliyo kando ya chombo cha maji ni ya hatari kuliko mavi makavu. Chombo kisimamishwe juu ya matofali, kimo cha mgongo wa kuku, ili wasikichafue kwa kuparura. Kuku kumi hunywa lita 2 na nusu kwa siku, na siku za joto kali hata mara mbili ya hiyo.

Mahindi yaliyoota ukungu yasitupwe kwa kuku kwa kisingizio cha kwamba watu hawawezi kuyala. Mwaka wa 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui za wakati ule, kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu, na sumu hiyo humdhuru kuku vivyo hivyo.

Jambo la mwisho ni ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza huko Mombasa mwaka wa 1935, na tangu hapo umekuwa ukiteketeza kuku wa vijiji vizima. Kuku huhara kijani, huhema kwa shida, shingo hupinda, mabawa hulegea. Hakuna dawa ya kuuponya. Iko chanjo tu, tone moja katika jicho la kila kuku mzima, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja huwa na matone ya kutosha kuku wengi, na kikisha kuchanganywa hakiwekwi hadi kesho. Basi yafaa majirani wakusanye fedha pamoja na kuchanja kuku wote siku moja, kwa msaada wa afisa wa mifugo. Kichupa kichukuliwe dukani ndani ya chombo chenye barafu, kwa sababu chanjo nyingi zikipata joto huharibika. Kuku aliyekufa azikwe kwenda chini sana au achomwe moto. Asiuzwe, wala mbwa wasipewe. Nao watoto wafundishwe kunawa mikono kwa sabuni baada ya kuokota mayai.

Kuku wapya wanunuliwe kwa mtu awezaye kueleza lini walichanjwa. Hao wa kwanza wafungiwe bandani siku tatu au nne, wapewe maji na chakula humo, mpaka wajue kwamba hapo ndipo kwao. Kisha mlango wa ua ufunguliwe saa kumi ya alasiri, ili giza likiingia liwarudishe wenyewe kwenye fito zao. Na wengine wakinunuliwa baadaye, wakae mbali na wale wa zamani kwa muda wa siku 14 au zaidi, na mtu mwenye kuwalisha ahudumie wale wa zamani kwanza ndipo awaendee wageni.